Saa Kumi Alfajiri, Nani Atabaki na Watoto?

Katika mwambao wa Tanga, anayejiandaa kwa marathoni hukimbia alfajiri au hakimbii kabisa. Ikishagonga saa mbili asubuhi, barabara ya kwenda Raskazone inabaki kuwa ya wapita njia na wauza madafu. Mwili unaokimbia hujipoza kwa jasho, na jasho hupoza pale tu linapokauka. Hapa pwani, hewa ikiwa imeshiba unyevu wa bahari, jasho hutiririka mpaka ndani ya soksi bila kufanya kazi yake. Damu ambayo ingehudumia misuli ya miguu inalazimika kukimbilia kwenye ngozi kutoa joto, moyo unadunda kwa kasi zaidi kwa mwendo uleule, na mtu anachoka mapema kuliko maandalizi yake yanavyostahili. Mkimbiaji wa nyanda za juu zenye baridi, wa Arusha au wa Iten nchini Kenya, anaweza kuamka, akanywa chai, akawaaga watoto wanaokwenda shule, kisha akaanza mazoezi saa tatu. Wa Chumbageni au Mikanjuni hapa Tanga hana nafasi hiyo. Tena saa zile chache za ubaridi anazopewa na hali ya hewa ndizo saa ambazo nyumba ya pwani ina kazi nyingi kuliko wakati mwingine wowote wa siku. Ndiyo maana nasema kwamba huku kwetu mke au mume wa mkimbiaji ni sehemu ya mazoezi yenyewe. Asipotoa saa zake, hakuna mazoezi, hata viatu viwe vya bei gani.

Tufanye hesabu kidogo. Maandalizi ya kilomita 42 na mita 195 huchukua wiki 16 hadi 20, siku nne au tano kwa wiki. Nyingi kati ya siku hizo ni za saa moja au zaidi kidogo, na hizo zinavumilika. Kazi iko kwenye mbio ndefu ya mwisho wa wiki, inayopanda taratibu kutoka kilomita 15 hadi 30 au 32. Kwa mtu wa kawaida anayekwenda kilomita moja kwa dakika saba, kilomita 30 ni saa tatu na nusu. Akitaka kumaliza saa moja na nusu asubuhi, kabla jua halijakolea, lazima atoke nyumbani saa kumi, kabla hata ya adhana ya alfajiri. Kuna jambo jingine linaloumiza zaidi. Mbio kubwa wanazozilenga wakimbiaji wengi wa nchi hii, Kilimanjaro Marathon inayofanyika Moshi tangu mwaka 2003, huangukia mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi. Maana yake maandalizi yake yanaanza Novemba na kufika kileleni Januari na Februari, wakati wa kaskazi, joto la Tanga linapokuwa kali kuliko miezi yote na usiku wenyewe haushuki sana chini ya nyuzi 24.

Sasa tazama nyumba hiyohiyo saa hiyohiyo. Kuna maji ya kuchota au kukinga kabla bomba halijakatika. Kuna uwanja wa kufagia, mkaa wa kuwasha, chai ya kuchemsha, viazi au mihogo ya kupasha, sare za shule za kunyoosha, mtoto mdogo anayelia na mkubwa asiyetaka kuamka. Mama anayeuza vitumbua ameshaumua unga tangu jana na lazima awe na chuma motoni kabla watu hawajaanza kwenda kazini. Katika vijiji vya wavuvi, mke anasubiri chombo kirudi, na mkulima wa mwani anafuata maji ya bamvua, ambayo hayamsubiri mtu. Kazi hizi karibu zote ziko mikononi mwa wanawake. Kwa hiyo mume anapoamua kukimbia, kwa kawaida hahitaji kuomba chochote: anavaa viatu na kutoka, na nyumba inaendelea kama kawaida kwa sababu aliyekuwa akiiendesha bado yupo. Mke anapoamua kukimbia, nyumba inasimama. Jambo hili hatulisemi wazi tunapoulizana kwa nini wanaume ni wengi kuliko wanawake kwenye mstari wa kuanzia wa mbio ndefu.

Wapo watakaosema kwamba mabingwa wetu hawakupatikana kwa kupikiwa chai na wake zao. Ni kweli, na ukweli huo unaipa nguvu hoja yangu. Juma Ikangaa, aliyeshinda marathoni ya New York mwaka 1989 kwa saa 2:08:01 na kushika nafasi ya pili Boston miaka mitatu mfululizo, 1988 hadi 1990, alikuwa mwanajeshi. Alphonce Simbu, aliyeiletea Tanzania dhahabu yake ya kwanza ya ubingwa wa dunia wa riadha mjini Tokyo Septemba 15, 2025, kwa kumpita Amanal Petros wa Ujerumani kwa tofauti ya sehemu tatu tu za mia za sekunde, naye ni wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ). Mwanariadha wa jeshi, au aliye katika kambi ya mazoezi, anapewa nini hasa? Anapewa muda. Kuna anayepika, ratiba inajulikana, usingizi wa mchana unaruhusiwa, na hakuna anayemuuliza kwa nini amelala wakati vyombo havijaoshwa. Kambi ni nyumba iliyopangwa kwa ajili ya mkimbiaji. Mwalimu wa shule ya msingi wa Pongwe au muuguzi wa hospitali ya Bombo hana kambi. Kama mwenzake hakumpangia nyumba, hakuna atakayempangia.

Wenzetu wa Kenya wana mifano iliyo wazi kuliko yetu. Catherine Ndereba, aliyeweka rekodi ya dunia ya saa 2:18:47 mjini Chicago mwaka 2001, akashinda Boston mara nne na kuwa bingwa wa dunia mara mbili, alikuwa mama wa mtoto mdogo miaka ile ya mafanikio. Mumewe, Anthony Maina, alijulikana wazi kwamba ndiye anayemlea mtoto na kuisimamia nyumba mkewe anapokuwa mazoezini na safarini. Hakuona haya kulisema hilo, katika jamii ambayo mwanamume kumbeba mtoto mgongoni bado huchekwa. Edna Kiplagat alifundishwa na mumewe, Gilbert Koech, ambaye naye alikuwa mkimbiaji wa marathoni. Mwaka 2011 mjini Daegu alitwaa ubingwa wa dunia, akautetea Moscow mwaka 2013 na kuwa mwanamke wa kwanza kuutetea ubingwa huo, kisha akashinda Boston mwaka 2017 akiwa na umri wa miaka 37. Wawili hao walikuwa wakilea watoto wao wa kuwazaa pamoja na watoto wa ndugu zao. Hellen Obiri naye alipoingia kwenye marathoni, familia ilihamia Boulder, Colorado, akashinda Boston 2023 na 2024. Sisemi kwamba waume hawa ndio walioshinda. Miguu ilikuwa ya wanawake wenyewe. Nasema miguu hiyo ilipata nafasi kwa sababu mtu mwingine mzima aliamua kwa makusudi kutoa saa zake.

Kwa Tanga, kutoa saa kuna sura yake, na ningependa tuiangalie kwa karibu. Tanga ni mji wa baiskeli, na baiskeli ndiyo chombo bora kabisa cha kumsindikiza mkimbiaji. Haina moshi, inakwenda polepole anavyotaka, inabeba maji na ina taa. Saa kumi alfajiri kuna giza, na anayeelekea Pongwe anashiriki barabara na malori ya saruji na mabasi yanayowahi kituo cha Kange. Mtu mwenye taa anayetangulia au kufuata nyuma ni usalama, na kwa mwanamke anayekimbia peke yake gizani, ni usalama wa aina mbili. Kwenye kikapu cha baiskeli iwemo lita moja ya maji yenye vijiko vya chai sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vilivyosawazishwa, yaani mchanganyiko uleule tunaompa mtoto anayeharisha. Msindikizaji ajue pia kwamba maji matupu mengi kupita kiasi ni hatari sawa na kiu. Utafiti uliofanywa kwa wakimbiaji 488 wa Boston mwaka 2002 ulikuta asilimia 13 wamemaliza mbio chumvi ya damu ikiwa imeshuka kuliko inavyotakiwa, na wengi wa walioathirika ni wale waliokunywa mpaka wakaongezeka uzito njiani. Kwa hiyo, mizani ya bafuni kabla na baada ya mbio ndefu. Aliyepungua sana anywe zaidi wiki ijayo, aliyeongezeka apunguze. Kazi hii haihitaji ukocha, inahitaji mtu anayejali na anayeandika kwenye daftari. Mwenza ndiye pia wa kwanza kuona dalili mbaya: mtu anayejibu ovyo, anayeyumba, anayedai yuko sawa wakati hayuko. Mwili huchukua siku 10 hadi 14 kulizoea joto, na katika siku hizo za mwanzo anayekimbia mara nyingi ndiye wa mwisho kujua kwamba amezidiwa.

Nimesikia hoja kwamba jioni ipo, na kwamba vikundi vya jogging vinatosha. Jioni inafaa kwa kilomita tano au nane. Ardhi iliyochemka kutwa bado inatoa joto, na saa moja usiku kiza kimeshaingia, kwa hiyo mbio ya saa tatu haina pa kukaa. Vikundi ni vyema mno: vinatoa moyo, vinamfundisha mgeni, vinamfanya mtu aone haya kutegea. Lakini hakuna kikundi kitakachokuja nyumbani kwako kumvisha mtoto sare. Kinakupokea ukishatoka mlangoni, na shida ya wengi iko kwenye kuufikia huo mlango.

Ipo hoja nzito zaidi, ya dini na mila. Tanga ni mji wenye haya yake na heshima zake, na mwanamke kukimbia barabarani mbele ya macho ya watu si jambo linalopokewa kirahisi katika kila mtaa wa Ngamiani. Siidharau hoja hiyo. Ila wanaoitoa kwa jina la dini wakumbuke Hadithi iliyopokewa katika Sunan ya Abu Daudi, ambamo Bibi Aisha anasimulia kwamba alishindana mbio na Mtume safarini akamshinda, na kwamba baadaye, alipokuwa amenenepa, walishindana tena na Mtume akashinda, akamwambia kwamba mara hii imelipa ile. Mume na mke walikimbia pamoja, wakataniana, na mke ndiye anayelisimulia kwa furaha miaka baadaye. Sitara ya mavazi inawezekana. Wapo wanariadha wengi duniani wanaokimbia na hijabu, na nguo nyepesi ndefu zinazopitisha hewa zinapatikana. Tena mume akiwa pembeni na baiskeli, maneno mengi ya barazani yanakosa mahali pa kukaa.

Lakini kuna hatari ambayo makala yoyote ya kuwasifu waume itakuwa ya uongo ikiikwepa. Msaada unaweza kugeuka umiliki. Agnes Tirop aliuawa nyumbani kwake Iten Oktoba 2021, wiki chache baada ya kuweka rekodi ya dunia ya kilomita 10 katika mbio za wanawake pekee nchini Ujerumani, na aliyeshtakiwa kwa mauaji hayo ni mumewe. Rebecca Cheptegei wa Uganda, aliyekimbia marathoni ya Olimpiki ya Paris Agosti 2024, alifariki Eldoret Septemba 5 mwaka huohuo baada ya kumwagiwa petroli na kuchomwa na mwanamume aliyewahi kuwa mwenza wake. Wanariadha wenzake Tirop waliunda taasisi ya Tirop's Angels kupambana na ukatili huu, na kilio chao kikubwa ni kuhusu wanaume wanaojifanya makocha na mameneja ili washike mapato ya mke. Hatari hii haiivunji hoja yangu, inaiwekea mpaka. Anayesaidia hutoa saa zake. Anayemiliki huchukua za mwenzake. Kipimo ni chepesi: nani anashika simu, nani anatia saini kwenye akaunti, na mkimbiaji akisema leo sikimbii, je, neno lake linaheshimiwa? Msindikizaji anayeamua yeye mwendo, mashindano na zawadi ameacha kuwa msindikizaji. Familia, masheikh, mapadri na viongozi wa riadha wanapoona hivyo, wasinyamaze kwa kisingizio cha mambo ya ndani ya nyumba.

Waandaaji wa mbio za mwambao wetu wana nafasi yao katika hili. Waanze mbio saa kumi na moja na nusu alfajiri badala ya kumsubiri mgeni rasmi jua likiwaka. Fomu ya kujiandikisha iwe na sehemu ya jina la msindikizaji, apewe mafunzo mafupi ya dalili za joto kali na ruhusa ya kusimama kwenye vituo vya maji. Na pawe na hema moja lenye mikeka na walezi wanaolipwa, ili mama asiachwe nyumbani kwa sababu tu baba naye anakimbia. Gharama yake ni ndogo kuliko ile ya jukwaa na vipaza sauti.

Na wewe msomaji ambaye mkeo ameshakwambia mara moja au mbili kwamba angependa kukimbia, usimjibu kwa kumnunulia viatu. Muulize Jumapili anataka kutoka saa ngapi, panga watoto watabaki na nani, kisha tia baiskeli upepo.