Simu ya njia mbili isikule rezo ya jirani

Mangaribi wengi wanauliza: juu ya nini rezo inakuwa pole pole? Ujumbe wa intaneti unakatwa vipande. Vikiwa vingi mu njia moja, vinasongana, vingine vinapotea.

Oktoba 1986, kule Berkeley, Marekani, mwendo ulianguka toka biti 32.000 mpaka 40 kwa segonde. Van Jacobson akaleta dawa: kompyuta ikiona vipande vinapotea, inapunguza mwendo.

Leo simu zingine zinaweza kutumia Wi-Fi na data ya SIM pamoja. Lakini kila njia ikijipimia peke yake, na zote zikutane mbele mahali pembamba, mwenye simu anakula sehemu mbili, jirani moja. Ndiyo maana kanuni ya 2011 inapima njia zote pamoja: yenye kujaa inapunguziwa, yenye nafasi inaongezewa. Jirani naye anapata.