Jiko la Kyela katika hesabu ya nishati ya taifa

Mvua za Kyela, wilaya iliyo kaskazini mwa Ziwa Nyasa, huanza Novemba na kuendelea hadi Mei. Katika miezi hiyo kuni kavu ni bahati. Alfajiri, kabla mashine za kukoboa mpunga hazijawashwa, moshi mzito unapenya mapaa ya majiko kuanzia Ipinda hadi Matema, na ndani yake yupo mama anayefikicha macho huku akipuliza moto, mtoto mgongoni.

Ukiuliza ni sekta gani inatumia nishati nyingi zaidi Tanzania, wengi watataja viwanda, migodi au malori. Jibu limo ndani ya moshi ule. Sera ya Taifa ya Nishati ya mwaka 2015 inaeleza kuwa takriban asilimia 85 ya nishati yote inayotumika nchini ni tungamotaka, hasa kuni na mkaa, na sehemu kubwa yake huungua majikoni mwa kaya.

Hesabu inavyofanywa

Huwezi kujumlisha gunia la mkaa, lita ya dizeli na uniti ya umeme. Wataalamu kwanza hugeuza kila kimoja kuwa kipimo cha aina moja, kama megajuli. Uniti moja ya umeme ni megajuli 3.6. Kilo ya kuni kavu ni kama 16, ya mkaa kama 30, na lita ya dizeli kama 36. Kisha kila kiasi huandikwa kwa aliyekitumia: viwanda, usafirishaji, kilimo, biashara na huduma, au kaya.

Dizeli ya meli ya MV Mbeya II na ya malori yanayovuka mpaka wa Kasumulu kwenda Malawi huingia kwenye usafirishaji. Makaa ya mawe ya Kiwira huhesabiwa kwa kiwanda kinachoyachoma. Jua linalokausha usipa na kakao haliandikwi popote. Kuni nazo hazina mita wala risiti, kwa hiyo kuzijua kunahitaji mtu apite nyumba kwa nyumba na mizani. Nchi ikisoma mita za umeme peke yake, jiko la mafiga halitaonekana kabisa.

Chukulia kaya inayochoma kilo 5 za kuni kwa siku. Hizo ni megajuli 80, sawa na uniti 22 za umeme. Kaya hiyo hiyo, kwa taa chache, redio na simu, huenda isimalize hata uniti moja ya LUKU kwa siku.

Nishati inapotelea wapi?

Mafiga matatu hupeleka chunguni asilimia 10 hadi 15 tu ya joto la kuni. Kwa hiyo, kati ya zile uniti 22, zinazopika ni 2 au 3. Kuni mbichi ni mbaya zaidi, kwa sababu moto hutumika kwanza kukausha maji yaliyomo, huku moshi ukiongezeka.

Moshi huo una gesi ya kaboni monoksidi, yenye sumu, pamoja na chembe ndogo mno zinazofika ndani kabisa ya mapafu na kuingia kwenye damu. Huchangia nimonia kwa watoto, na kwa watu wazima magonjwa sugu ya mapafu, ya moyo na kiharusi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani iliua watu milioni 3.2 duniani, wakiwamo watoto zaidi ya 237,000 wa chini ya miaka mitano.

Funzo kutoka ng'ambo ya Mto Songwe

Je, jiko linalookoa kuni linatosha? Mwaka 2016 jarida la Lancet lilichapisha utafiti uliofanyika Malawi, katika maeneo ya Chikwawa na Chilumba. Chilumba iko wilayani Karonga, kwenye Ziwa Nyasa hilo hilo. Kaya za watoto zaidi ya 10,000 zilifuatiliwa, baadhi zikipewa majiko ya kuni yenye feni. Hata hivyo, nimonia haikupungua. Watafiti walieleza kuwa watoto waliendelea kuvuta moshi kutoka vyanzo vingine, kama taka zinazochomwa.

Maana yake ni kwamba kupunguza kuni si lazima kuponye mapafu. Kinachotakiwa ni moshi uondoke. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Mei 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo mwaka 2034. Penye umeme, jiko la presha la umeme huivisha maharage kwa chini ya uniti moja.

Anayesubiri siku hiyo ahifadhi kuni chini ya paa tangu kiangazi, aloweke maharage usiku, apike penye hewa, na amweke mtoto mbali na moto. Na wapangaji wa taifa waihesabu kazi ya yule mama kwa uzito wake: ndiye anayeendesha sekta kubwa kuliko zote, na anailipia kwa pumzi yake.