Hedifoni na amplifaya: namna ya kuvioanisha katika kazi ya kunukuu sauti

1. Utangulizi

Mtafiti wa isimu au wa fasihi simulizi hurudi kutoka uwandani akiwa na saa nyingi za sauti zilizorekodiwa. Kazi inayofuata ni kunukuu: kuketi mezani, kusikiliza sentensi moja mara tano au kumi, na kuandika kile kilichosemwa, wala si kile kinachodhaniwa kuwa kimesemwa. Katika kazi hiyo sikio ndilo chombo cha kwanza. Katika lahaja za pwani zinazohifadhi mpumuo, *paa* la nyumba na *paa* wa porini hutofautishwa na pumzi kidogo tu inayofuata /p/. Katika Kiluba, toni ya silabi moja yaweza kugeuza maana ya neno. Pumzi hiyo au toni hiyo isiposikika haitaandikwa, na kisichoandikwa hakimo tena katika data.

Kwa sababu hiyo watafiti wengi hutamani hedifoni za hali ya juu, yaani vile visikilizio vya kuvaliwa kichwani. Hata hivyo mnunuzi mara nyingi hutazama bei na sifa za jina, kisha huzichomeka katika simu au kompyuta ya zamani, na sauti ikatoka hafifu au yenye besi iliyovimba. Wahenga walisema rahisi ni ghali. Lakini haifuati kwamba kila kilicho ghali ni bora. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba ubora wa hedifoni hujitokeza pale tu zinapopata amplifaya inayolingana nazo, na kwamba ulinganifu huo waweza kukokotolewa kabla fedha hazijatoka mfukoni.

2. Aina za hedifoni

Kwa jinsi zinavyotoa sauti, hedifoni bora zagawanyika katika makundi matatu. La kwanza, lililo kubwa zaidi, ni la zile zenye koili nyembamba iliyogandishwa kwenye kiwambo na kuwekwa katikati ya sumaku. Umeme upitapo katika koili, kiwambo hutetemeka. Hedifoni za Beyerdynamic za Ujerumani zilizoitwa DT 48, zilizotolewa mwaka 1937, zilikuwa za namna hiyo. Kundi la pili ni la hedifoni za kiwambo bapa, ambazo waya wake umetandazwa juu ya kiwambo chote, kati ya safu za sumaku. Kundi la tatu ni la umemetuli, linalohusishwa hasa na kampuni ya Stax ya Japani tangu mwaka 1960. Hizi huhitaji amplifaya yake maalumu yenye volti nyingi, hata volti 580 za kudumu katika aina nyingi za leo. Kwa kuwa haziwezi kuchomekwa katika amplifaya ya kawaida, hazitajadiliwa zaidi hapa.

Mgawanyo mwingine wahusu umbo. Mwaka 1968 kampuni ya Sennheiser ilitoa HD 414, hedifoni za wazi, ambazo nyuma ya kiwambo hazikuzibwa. Hedifoni za wazi husifiwa kwa sauti isiyobanwa, na hazichoshi upesi. Ila sauti hupenya pande zote mbili: jirani husikia kinachosikilizwa, na msikilizaji husikia jenereta ya nje. Anayenukuu usiku katika chumba kimya atafaidika nazo. Anayefanya kazi maktabani, au anayetaka kusikiliza wakati ule ule anaporekodi, na achague zilizofungika, ili sauti isivuje ikarudi katika maikrofoni.

3. Namba mbili zinazoamua

Katika karatasi ya maelezo ya kila hedifoni zimo namba mbili ambazo mnunuzi hana budi kuzitafuta. Ya kwanza ni ukinzani, unaopimwa kwa omu. Ya pili ni usikivu, yaani ukubwa wa sauti, kwa desibeli, unaopatikana kwa miliwati 1 ya umeme. Kosa lililoenea ni kutazama omu peke yake na kudhani kwamba omu nyingi ni hedifoni ngumu kuendesha na omu chache ni nyepesi. Mifano mitatu itaondoa dhana hiyo.

Tuseme kwamba amplifaya inatakiwa iweze kufikisha kilele cha desibeli 110. Kiasi hicho si cha kusikilizwa mfululizo. Ni akiba ya vilele vya ghafla, na ya rekodi zilizochukuliwa kwa sauti ya chini. Hedifoni za Sony MDR-7506, zenye omu 63 na usikivu wa desibeli 106, zitahitaji miliwati 2.5 tu, sawa na volti 0.4. Beyerdynamic DT 880 ya omu 600, yenye desibeli 96, itahitaji miliwati 25. Nguvu hiyo yaonekana ndogo, lakini kwa ukinzani mkubwa namna hiyo lazima isukumwe na volti 3.9. HiFiMAN HE-6, yenye kiwambo bapa, ina omu 50 tu, chini ya zile za Sony. Lakini kwa kuwa usikivu wake ni desibeli 83.5, itadai takriban miliwati 450, yaani volti 4.7 pamoja na mkondo wa miliampea 95.

Simu nyingi na kompyuta nyingi za mkononi hutoa volti 1 hivi, au pungufu. Basi hedifoni za kwanza zatosheka na simu, wala kuzinunulia amplifaya kwa sababu ya nguvu si lazima. Za pili zahitaji amplifaya yenye volti nyingi, hata kama mkondo wake ni mdogo. Za tatu zahitaji vyote viwili, na amplifaya ndogo ya mfukoni huenda ikashindwa.

Ukokotoaji wenyewe si mgumu. Usikivu hutolewa katika desibeli zinazotakiwa. Kila desibeli 10 za tofauti huzidisha nguvu mara 10, na kila desibeli 3 huizidisha karibu mara 2. Nguvu hiyo, kwa wati, ikizidishwa kwa omu, kipeuo cha pili cha jawabu ndicho volti zinazohitajika. Tahadhari ni moja: watengenezaji wengine hueleza usikivu kwa volti 1 badala ya miliwati 1. Kwa hedifoni za omu 300, desibeli 97 kwa miliwati 1 ni sawa na desibeli 102 kwa volti 1. Asiyetazama kipimo atadhani analinganisha vitu viwili tofauti, kumbe ni kimoja.

4. Ukinzani wa amplifaya

Amplifaya nayo ina ukinzani wake katika tundu la kutolea sauti, na hapo ndipo data ya mtafiti huharibika bila yeye kujua. Ukinzani wa hedifoni nyingi zenye koili haubaki ule ule katika masafa yote. Aghalabu hupanda katika besi. Hedifoni zikiwa na omu 32 kwa jumla na omu 64 karibu na hezi 100, zikachomekwa katika amplifaya yenye ukinzani wa omu 120, besi hiyo itazidi sauti nyingine kwa desibeli 4 na zaidi. Katika amplifaya ya omu 1, tofauti haifiki hata desibeli 0.2.

Madhara yake kwa mnukuzi ni dhahiri. Hezi 100 ndipo sauti ya msingi ya wanaume wengi ilipo, na kelele za upepo na za injini pia hukaa huko chini. Zikivimbishwa, hufunika sauti dhaifu za juu: mpumuo wa /p/, mkwaruzo wa /f/, tofauti ya /s/ na /sh/. Msikilizaji atalaumu msemaji au maikrofoni, ilhali kosa li katika ndoa mbaya ya vyombo viwili vizima. Kanuni inayotumiwa na wengi ni kwamba ukinzani wa amplifaya usizidi moja ya nane ya ukinzani wa hedifoni: kwa omu 32 usizidi omu 4, na kwa omu 300 usizidi omu 37 hivi.

5. Kuchagua na kulinda sikio

Amplifaya yenye nguvu kupita kiasi si baraka. Kwa hedifoni zenye usikivu mkubwa, mvumo wa amplifaya yenyewe husikika wakati msemaji anaponyamaza, na kitufe kikiguswa kidogo sauti hulipuka. Taasisi ya afya kazini ya Marekani, NIOSH, imeweka ukomo wa desibeli 85 kwa saa 8. Kila desibeli 3 zinazoongezeka hupunguza muda huo kwa nusu, hata ikafika dakika 15 kwa desibeli 100. Mtafiti asiyelinda masikio yake anauza jembe wakati wa kulima.

Kabla ya kununua, yafaa kujaribu kwa rekodi ya uwandani inayofahamika vema, wala si kwa muziki wa dukani. Hedifoni zinazolinganishwa ziwekwe katika ukubwa mmoja wa sauti, kwa maana inayosikika kwa nguvu zaidi hulihadaa sikio likaiona bora.

6. Hitimisho

Kwa muhtasari, uchaguzi waanzia katika mahali pa kazi, ambapo patasema kama hedifoni ziwe za wazi au zilizofungika. Kisha huja ukinzani na usikivu wake, na kutoka humo volti zinazohitajika. Mwisho ndipo amplifaya hutafutwa, iwe na volti hizo na ukinzani mdogo. Pengine hesabu itaonyesha kwamba amplifaya haihitajiki kabisa, na fedha hizo zikaelekezwa katika maikrofoni bora. Huko ndiko inakoanzia data, kwani hakuna hedifoni wala amplifaya iwezayo kurudisha pumzi ambayo maikrofoni haikuipata.