Sura ya 4: Povu

Siku ya tatu ya likizo yetu Jambiani niliamua kufua. Nilikuwa na kanga mbili, shati la mume wangu lililoloa jasho la safari, na kipande cha sabuni ya mche nilichokikata nyumbani Arusha. Nikachota maji ya kisima, nikaloweka kanga, nikasugua. Povu hakuna. Nikasugua tena mpaka vidole vikauma. Sabuni ilikuwa inaliwa, naiona inavyopungua mkononi, lakini juu ya maji kulikuwa kunaelea utando mweupe kama maziwa yaliyokatika, na kanga imeanza kunata.

Mama mwenye nyumba alikuwa amekaa kivulini anafunga mbegu za mwani kwenye kamba, akisubiri maji yapwe ashuke shambani kwake. Akanitazama kwa huruma.

“Maji hayo hayashiki sabuni, mwanangu. Chota ya mvua, yamo pipani.”

Nikamwaga yale, nikachota ya pipa. Sabuni ile ile, kanga ile ile, na mara hii povu likanipanda hadi karibu na viwiko. Mume wangu, aliyekuwa amejilaza kwenye mkeka akiangalia ngalawa, akainuka kuja kuona nilichokuwa nashangilia.

Mimi ni mtoto wa Meru. Nimekulia Maji ya Chai, kando ya barabara kuu ya Moshi na Arusha, na kwetu hakuna aliyewahi kulalamika kwamba sabuni haitoi povu. Tabu ya kwetu ni kuliondoa: unasuuza mara tatu na ngozi bado inateleza. Katika sura zilizotangulia nimesema kwamba maji hubeba kidogo cha kila jiwe yanalopita. Basi beseni lile lilikuwa limenionyesha jiwe la Jambiani, na kwa kulinganisha, jiwe la kwetu. Nilikwenda pwani kupumzika, nikarudi na jibu la jambo lililoninyima raha tangu nikiwa msichana.

Tuanze na sabuni. Sabuni ya mche hupikwa kwa mafuta, mara nyingi ya mawese au ya nazi, pamoja na kostiki soda. Mpishi akimaliza, kila chembe ya sabuni inakuwa na mkia mrefu unaopenda mafuta na kichwa kinachopenda maji, na kwenye kichwa hicho imekaa sodiamu. Mkia unashika taka ya nguo, kichwa kinaivutia majini. Sodiamu haina ubishi, huachia mara moja sabuni inapoyeyuka, na kazi inaendelea. Lakini kwenye maji yenye kalsiamu nyingi mambo hubadilika. Kalsiamu moja hukamata vichwa viwili kwa mpigo na haiachii. Kinachozaliwa hakiyeyuki tena. Ni kitu kama nta, na ndicho kile kitando cheupe kilichoelea kwenye beseni langu na kunata kwenye kanga. Sabuni yako ya kwanza yote inaishia kupambana na kalsiamu. Ikibaki, ndiyo inayofua. Maji ya namna hii tunayaita maji magumu. Sabuni ya unga ya dukani imetengenezwa kwa namna nyingine, haisumbuliwi sana na kalsiamu, ndiyo maana wengi wanaofua kwayo hawajui kama maji yao ni magumu au laini.

Kalsiamu ya Jambiani inatoka wapi? Ipo chini ya miguu. Upande wote ule wa mashariki wa Unguja, kuanzia Makunduchi kupita Jambiani na Paje, umekaa juu ya jiwe la matumbawe ya kale, yaliyoota zama ambazo bahari ilikuwa juu kuliko leo. Matumbawe ni nyumba za vijidudu vya baharini, na vijidudu hivyo hujenga kwa kalsiamu vinayoichuja kutoka kwenye maji. Bahari iliposhuka, nyumba zikabaki nchi kavu. Mvua inaponyesha hubeba hewa ya ukaa kutoka angani na udongoni, inakuwa na ukali kidogo sana, kama ndimu iliyokamuliwa kwenye pipa zima, na kwa ukali huo mdogo hulila jiwe miaka na miaka. Humo ndimo mapango ya huko yalimozaliwa, kama lile la Kuza pale Jambiani, lenye maji matulivu ndani yake. Jiwe lililoliwa halipotei, limo kwenye ndoo ya kisimani.

Watu wa pwani wamelijua jiwe hili kwa karne nyingi. Wamelichoma kwa magogo wakapata chokaa, na kwa chokaa na mawe ya matumbawe wakajenga Mji Mkongwe, ule ambao UNESCO iliuingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000. Chokaa ya ukutani na ukoko mweupe unaoganda ndani ya birika la chai ni ndugu wa damu. Hata maharage yalinipa ushahidi. Pale baharini maji huchemka kwenye nyuzi 100, na Arusha, kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, huchemka kwenye nyuzi 95 tu, kwa hiyo nilitegemea maharage ya Jambiani yaive upesi. Yalikaa jikoni mchana kutwa. Kalsiamu hukaza ganda la haragwe kama inavyokaza ukuta, na moto wa nyuzi tano zaidi haukufua dafu.

Jioni ya siku ile ya kufua tulipiga picha ufukweni. Maji yalikuwa ya bamvua, yamejaa, na mume wangu akaniomba nicheke. Nikacheka kama ninavyocheka kwenye picha zote za maisha yangu, mkono mdomoni. Yeye amekulia Tanga, meno yake meupe. Yangu yana michirizi ya kahawia, na mawili ya mbele yana vishimo vidogo kama jiwe la kinu lililochakaa. Miaka sita ya ndoa hajawahi kuniuliza. Siku ile aliuliza, kwa upole, kama nami nadhani ni ule mto wenye rangi ya chai uliokipa kijiji chetu jina.

Nyumbani ndivyo tulivyoamini tukiwa wadogo: mto wa kahawia, meno ya kahawia. Rangi ya mto haina hatia. Kinachochora meno ni floraidi, nayo haina rangi, haina harufu, wala ulimi haiijui.

Mlima Meru, wenye urefu wa zaidi ya mita 4,500, ni volkano, na mara ya mwisho ulitoa majivu mwaka 1910. Lava zake ni za aina inayopatikana sana kwenye Bonde la Ufa, zenye sodiamu tele na kalsiamu kidogo, na ndani yake kuna floraidi nyingi. Maelfu ya miaka iliyopita ubavu wa mashariki wa mlima uliporomoka, ukamwaga mawe na matope kuelekea Momela na Ngurdoto. Vilima vidogo vingi unavyoviona ndani ya Hifadhi ya Arusha ni mabaki ya poromoko hilo, na maziwa ya Momela yametuama katikati yake. Maji ya mvua yanapopenya kwenye mawe na majivu haya huchukua sodiamu, huchukua floraidi, lakini kalsiamu hayaikuti ya kutosha. Hapo ndipo ilipo siri ya povu letu. Maji yetu ni laini mno. Sabuni haina adui, inatoa povu kwa kuguswa tu.

Na hapo hapo ndipo ulipo msiba wetu. Floraidi na kalsiamu zikikutana kwa wingi hushikamana na kugeuka jiwe lisiloyeyuka kwa urahisi, likabaki ardhini. Kwenye maji ya Jambiani hata kama floraidi ingeingia nyingi, kalsiamu ingeikamata kama ilivyoikamata sabuni yangu. Kwetu hakuna wa kuikamata. Inashuka na mto, inaingia kisimani, inafika kwenye kikombe cha mtoto. Ulaini ule ule tunaousifia wakati wa kufua ndio unaoiachia njia.

Nipe nafasi ya tarakimu chache. Shirika la Afya Duniani linashauri floraidi kwenye maji ya kunywa isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania iliruhusu hadi 4 kwa miaka mingi, kwa sababu mikoa kama yetu isingepata maji kabisa kwa kiwango cha chini, na sasa kiwango chetu nacho ni 1.5. Mto wa Maji ya Chai umepimwa ukakutwa na zaidi ya 10. Maziwa ya magadi ya Momela yana mamia. Bahari ya Hindi, ile niliyokuwa nimesimama ndani yake hadi magotini huku nimefunika mdomo, ina 1.3 hivi. Nilipomwambia mume wangu hivyo alinyamaza muda mrefu. Maji ya chumvi yasiyonyweka yana floraidi kidogo kuliko chemchemi inayotiririka safi kutoka mlimani kwetu! Mito imekuwa ikimwaga floraidi baharini tangu zamani, lakini huko kalsiamu ni tele, na makombe, matumbawe na matope ya chini hayachoki kuipokea.

Mwili nao ni ghala la kalsiamu. Jino la mtoto hujengwa likiwa bado ndani ya ufizi, tangu anapozaliwa hadi miaka minane hivi, na floraidi ikizidi wakati huo ujenzi huharibika: gamba la jino linatoka na matundu madogo sana yasiyoonekana, na rangi huja kujaa humo baadaye. Floraidi kidogo huimarisha jino, ndiyo maana imo kwenye dawa ya meno. Ikizidi mno na kwa miaka mingi huingia kwenye mifupa, viungo vikakakamaa, na kwa watoto miguu ikapinda. Kuzunguka Meru wapo watu wazima wanaotembea hivyo. Mtu aliyehamia Arusha akiwa na miaka 20 meno yake hayabadiliki hata anywe nini. Kwa hiyo kwenye foleni ya benki mjini unaweza kumtambua aliyezaliwa huku na aliyekuja, naye akakutambua wewe. Nimeumia kwa hilo, na sioni sababu ya kulificha ndani ya kitabu.

Likizo ya siku tisa huisha kama ya siku mbili. Tukavuka kwa boti hadi Dar es Salaam, na kesho yake alfajiri tukapanda basi. Baada ya Segera hewa ilianza kukauka, na tulipofika Same shati la mume wangu lilikuwa halimgandi tena mgongoni. Kikatiti nikaanza kukusanya mizigo. Tulishuka Maji ya Chai, maana mtoto wetu wa miaka mitatu tulikuwa tumemwacha kwa mama yangu. Pikipiki zinapita, magunia ya vitunguu yamepangwa kando ya lami, na baridi ya mlima inaingia kwenye nguo zilizokaukia chumvi.

Mama alikuwa anampikia makande. Kwenye sufuria alikuwa ametia kipande cha magadi, kama alivyotupikia sisi. Magadi hufanya kinyume cha maji ya Jambiani, hulainisha haragwe haraka. Lakini magadi ya huku kwetu hutoka kwenye ardhi ile ile ya volkano, na mengi yake yana floraidi. Na mama, ambaye hajawahi kumpa mjukuu wake maji yasiyochemshwa, aliamini amemlinda. Kuchemsha huua vijidudu, na ni lazima kuendelea. Floraidi haifi wala haipai na mvuke. Maji yanapopungua sufuriani, yenyewe inabaki yote, kwenye maji machache zaidi.

Kuna njia za kuiondoa. Pale Ngurdoto, kwenye kituo cha utafiti cha Wizara ya Maji, wamefanya kazi miaka mingi na mifupa ya ng’ombe: huichoma kwenye tanuri mpaka iwe myeusi, huisaga chengachenga, na maji hupitishwa humo. Floraidi hushika kwenye kalsiamu ya mfupa ule kama ambavyo ingeshika kwenye mfupa wa mtoto. Wengine hutumia shabu na chokaa. Jijini Arusha, mradi mkubwa wa maji wa takriban Sh bilioni 520, kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, ulilenga pia kupata visima virefu vyenye floraidi ndogo. Vijijini pembezoni mwa mlima, njia iliyo karibu zaidi na mikono yetu ni ile ya pipa la Jambiani. Maji ya mvua hayajagusa lava. Paa safi la bati, mfereji, tangi lenye kifuniko, na mvua ya kwanza ya msimu iachwe ipite na vumbi lake.

Nilimweleza mama yote haya usiku ule, yeye akipepeta mchele na mimi nikimnawisha mtoto. Alisikiliza, kisha akauliza swali ambalo hakuna daktari aliyewahi kuniuliza.

“Sasa mwanangu, nitayajuaje ya mvua na ya bomba? Yote meupe. Na yote yanatoa povu.”

Alikuwa sahihi kabisa. Sabuni hutofautisha maji magumu na laini, basi. Ya mvua ni laini, ya Meru ni laini. Floraidi hujulikana kwa kupimwa tu. Nikachukua dumu la lita kumi lenye kifuniko, nikatoa rangi ya kucha kwenye pochi, ile nyekundu niliyojipaka kwa ajili ya Jambiani, nikaandika ubavuni kwa herufi kubwa: MVUA – YA MTOTO. Mume wangu akaliweka dirishani likauke.