Unga wa Matofali

Sikwenda Lugulu kwa ajili ya tenisi, ndugu msomaji. Nilikwenda kumjulia hali mpwa wangu anayesomesha huko, kando ya njia itokayo Webuye kwenda Kitale. Ulikuwa mwisho wa Mei. Sisi wa pwani tumezoea matumbawe na chokaa; huko nyumba ni za matofali, na tanuri hufuka moshi katikati ya mahindi.

Jirani yake ni mchoma matofali. Ana binti wa miaka 12 ambaye kila atokapo shule huchukua kibao alichokichonga mwenyewe, akaupiga mpira ukutani hata magharibi. Jioni moja tulikuwa tukinywa chai, na televisheni ikionyesha mashindano ya Roland Garros, Paris. Jirani akakikodolea macho kile kiwanja chekundu.

"Sheikh, huo si udongo wetu?"

Wala hakukosea. Kile kiitwacho udongo ni matofali yaliyosagwa, unene wake milimita moja au mbili tu. Chini yake pana mawe ya chokaa, kisha mabaki ya makaa ya mawe, kisha kokoto. Hapo mpira hupunguza kasi ukaruka juu, na mwenye pupa huumbuka. Rafael Nadal wa Uhispania alitwaa ubingwa hapo mara 14, tangu 2005 hata 2022. Na vumbi lenyewe hutoa ushahidi: penye ubishi, mwamuzi hushuka kitini akaenda kuitazama alama ya mpira.

Binti alikuwa kimya, masikio wazi. Nikamweleza kuwa Roland Garros hakuwa mchezaji bali rubani, wa kwanza kuivuka bahari ya Mediterania kwa ndege bila kutua, mwaka 1913, akashukia Bizerte, Tunisia. Nami hupenda kufikiri (akili za kishairi hizi) kwamba Tunisia ilimrudishia ziara mwaka 2011, Ons Jabeur alipotwaa ubingwa wa wasichana kwenye uwanja wenye jina lake. Wa kwetu, Angella Okutoyi, alishinda Wimbledon ya wasichana wawili wawili mwaka 2022, pamoja na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Ila huko huchezwa juu ya majani.

"Baba," akasema binti, "yale yaliyovunjika huyatupa barabarani."

"Na uwanja?"

"Pale pa kuanikia."

Baba mtu akaweka kikombe chini. "Pale ndipo inapotoka karo yako."

Hakuna aliyeongeza neno. Mimi nilijutia ulimi wangu, maana mgeni huondoka akaacha fitina nyumbani mwa watu.

Alfajiri, baada ya sala, nikasikia kishindo nje. Binti alikuwa akitwanga vipande vya matofali ndani ya gunia. Babaye alikuwa ameshika ile kamba ya kujengea kuta, akipima nyuma ya tanuri. Kiwanja cha tenisi kina urefu wa mita 23.77; pale, kwa hatua zangu, hapakufika 14.

"Nusu tu," akaniambia, bila kuinua macho.