Kasa wa Ndara: Sanaa Iliyozaliwa Ufukoni Kiwayu

Watoto wa Kiwayu hawakufunzwa uchongaji na mtu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 walikuwa wakiokota ndara kuukuu, zile patipati za mpira zinazotupwa pwani na maji, wakazikata kwa visu na kujitengenezea vitu vya kuchezea. Ufuko wao umo katika Hifadhi ya Bahari ya Kiunga, iliyotangazwa mwaka wa 1979, ambako kasa hupanda kutaga mayai. Na ndara zizo hizo zilikuwa balaa kwa kasa.

Kasa jike hupanda pwani usiku, akafukua shimo, akataga mayai mia moja au zaidi, akayafukia na kurudi zake majini asiwaone wanawe tena. Baada ya miezi miwili hivi wachanga huchomoza mchangani, nao hawana wa kuwaongoza ila mwangaza ulioko upande wa bahari. Kiumbe asiyejaza kiganja cha mtoto, ndara moja kwake ni ukuta.

Julie Church, mtaalamu wa bahari aliyekuwa huko kwa kazi ya kuhifadhi kasa, aliviona vitu vile vya watoto akawahimiza wenyeji waziokote ndara, wazioshe, wachonge na kuuza. Hapo ndipo ilipozaliwa kazi ambayo leo yajulikana kwa jina la Ocean Sole. Ndara hugandishwa tabaka juu ya tabaka, hukatwa kwa kisu, kisha husuguliwa kwa msasa hata rangi zikatokeza milia milia. Hutoka kasa, pomboo, papa na pweza.

Mimi naona kisu hufunza kuliko bango. Mchongaji hawezi kumtengeneza ng'amba asiyewahi kumtazama vyema: mdomo wake umepinda kama wa kasuku, na magamba yake yapandana kama vigae vya paa. Kasa wa kawaida kichwa chake ni butu, na magamba yake hayapandani. Zamani wengi walimjua ng'amba kwa vitana na mapambo yaliyotokana na gamba lake, si kwa sura yake akiwa hai.

Msomaji atauliza: je, sanamu? Hukumu yake tuwaachie masheikh. Walakini twajua kutoka Sahihi Bukhari kwamba Bibi Aisha alikuwa na wanasesere wa kuchezea, na kazi hii asili yake ni vitu vya watoto. Tena mafundi wetu wa jadi walikwisha kuonyesha njia nyingine. Milango ya Lamu imejaa maua na majani. Leso ya kanga, wanavyosimulia wengi, ilipata jina lake kwa ndege kanga, kwa kuwa leso za mwanzo zilikuwa na madoadoa kama manyoya yake. Ndege katajwa, mwili wake haukuchorwa, na bado kila avaaye amemvaa.

Njia hiyo ndiyo iliyofuatwa na jahazi Flipflopi, lililoundwa Lamu chini ya fundi Ali Skanda kwa takriban tani 10 za taka za plastiki. Urefu wake ni mita 9, na ubavu wake umevikwa vipande vya ndara kama 30,000 vya rangi zote. Lilishushwa majini mwaka wa 2018, na mapema mwaka wa 2019 likasafiri kutoka Lamu hadi Unguja, likitia nanga njiani ili watu walitazame na kuelezwa habari za taka. Halina picha ya samaki hata mmoja, lakini aliyelishika ubavu alijua samaki anakula nini siku hizi.

Linalonisikitisha ni hili: kazi ya kuchonga ilipokua ilihamia Nairobi, na vinyago vingi hununuliwa na wageni. Ni riziki, wala sina ugomvi na riziki. Lakini anayefukua mayai ya kasa, na anayetupa ndara mtoni, hawaendi madukani huko. Tamasha la Utamaduni la Lamu lina mashindano ya majahazi, ya punda na ya bao. Halingeharibika kwa kuongezwa shindano moja la watoto wa Kiwayu, Mkokoni na Kiunga, kila mmoja na kisu chake na gunia la ndara alizoziokota mwenyewe, wazee wa uvuvi wakiwa waamuzi wa nani amemjua kasa na nani amemjua ng'amba.