Kikulacho ki Nguoni Mwako: Kelele za Dunia na Mawimbi ya Uvutano

Wahenga walinena kuwa kikulacho ki nguoni mwako. Methali hii inawasadifu barabara wanasayansi wanaochunguza mawimbi ya uvutano, yaani mitikisiko inayotanua na kubana anga lenyewe pindi mashimo meusi yanapogongana. Ishara hizo hutoka mbali mno, ilhali kinachozizima aghalabu ki mlangoni.

Mitambo miwili ya LIGO nchini Marekani iko Hanford, jimbo la Washington, na Livingston, jimbo la Louisiana. Kila mtambo una mikono miwili ya mabomba, kila mmoja wa kilomita 4, ambamo mwali wa leza huenda na kurudi baina ya vioo. Wimbi likipita, mkono mmoja hurefuka na mwingine hufupika kwa kiasi kisichofika hata sehemu moja kwa elfu ya upana wa protoni.

Kipimo chepesi hivyo husikia kila kitu. Mawimbi ya bahari huitikisa ardhi hadi bara. Upepo huyasukuma majengo ya Hanford. Magari moshi na ukataji miti huitetemesha Livingston. Kwa sababu hiyo, vioo vya kilo 40 huning'inizwa kwa ngazi nne, kila ngazi ikipunguza mtikisiko wa ile ya juu yake.

Fauka ya hayo, maikrofoni na vipima-mitetemo huwekwa kila upande ili kuzinasa kelele zenyewe. Mwaka 2017, huko Hanford, maikrofoni zilisaidia kufichua chanzo cha ishara ngeni: kunguru waliokuwa wakidonoa barafu iliyoganda kwenye bomba lililoungana na mtambo!

Ngao nyingine ni umbali. Mitambo hiyo imetengana kwa takriban kilomita 3,000, hivyo lori lipitalo Livingston haliwezi kuitikisa Hanford. Mnamo Septemba 14, 2015, ishara moja ilifika Livingston, kisha Hanford, kwa tofauti ya takriban sehemu 7 kwa elfu za sekunde. Hata hivyo, haikutangazwa hadi Februari 2016, baada ya kumbukumbu za mazingira kukaguliwa na kuthibitika kuwa hakuna kelele iliyoweza kuizua.

Ni dhahiri, basi, kuwa kuichunguza kelele si kazi ya kando. Asiyeijua sauti ya kunguru wake hawezi kuapa kuwa amelisikia shimo jeusi.